Naomba ushauri: tovuti isiyo na kasoro inawezekana kweli?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaosanifu tovuti.

Nina kazi ya mteja, tovuti ya kuagizia vitabu, na yeye anataka muundo usio na kasoro hata moja. Kila ninaporekebisha upande huu, upande ule unalalamika. Wanaotumia simu wanataka vitufe vikubwa na maneno machache. Wa kompyuta wanaona pako tupu, wanataka kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Mteja mwenyewe anapenda maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe (yanapendeza, sikatai), lakini mwongozo wa WCAG (wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu), kiwango cha AA (cha kati), unataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake wa angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na hayo hayafiki. Picha kubwa nazo zinavutia, ila mtandao ukiwa dhaifu ukurasa unagoma kufunguka.

Nimepitia kanuni 10 za Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya tovuti, nimekaa na watumiaji nikiwatazama wanavyoagiza, na picha nimezipunguza uzito. Wanaokwama wamepungua, ubishi haujaisha. Binafsi naanza kuamini muundo kamili haupo, upo unaomfaa mtu fulani kwa kazi fulani. Sasa nimwambie hivyo mteja halafu nimkabidhi ankara?

Mnatumia kipimo gani kuamua kwamba muundo umetosha na kazi ikabidhiwe? Na mahitaji ya makundi mawili yakigongana, mnawapa kipaumbele walio wengi au wanaopata shida zaidi?

Natanguliza shukrani.