Rejea ya volti 10 ya mtumba, kitabu hakuna, nianzie wapi?

saketi_tu: Wakuu habari, nimepata kifaa cha rejea ya volti cha mtumba (kile kinachotoa volti isiyobadilika ya kulinganishia mita), mbele kina terminali za 10 V na 1.018 V, kitabu cha maelekezo hakuna na stika ya kalibresheni (inayoandikwa thamani iliyopimwa) imebanduliwa. Nikiwasha taa ya umeme inawaka ya betri haiwaki, multimita inasoma 9.998 na inapanda polepole. Kuna skrubu ndogo ya kurekebisha, nizungushe ifike 10 kamili?

mikrovolti: Usiguse hiyo skrubu kabisa mkuu! Sehemu moja kwa milioni ya volti 10 ni mikrovolti 10 tu, multimita yako haizioni, sasa utaisahihisha kwa kutumia nini? Inapanda kwa sababu ndani kuna oveni ndogo inayoiweka zena (diodi inayoshikilia volti isibadilike) kwenye joto moja muda wote na bado haijapata moto, iache siku nzima ndo usome. Ila kwanza zima, chomoa, angalia swichi ya volteji kama inalingana na umeme wa ukutani, maana ikiwekwa juu kuliko umeme ulionao kifaa kitawaka vizuri tu lakini oveni haitapata umeme wa kutosha. Halafu fungua utoe betri, za asidi zikikaa sana zinavuja na kula njia za bodi. Hiyo 1.018 ni volti ya seli ya Weston ya 1893, maabara zilikuwa na seli hizo za kulinganishia.

saketi_tu: Asante sana. Betri nimetoa, ni ya 12 V ya asidi, imevimba. Lazima niweke nyingine?

waya_mtupu: Kwa mezani si lazima, ila ukitaka kuisafirisha ndo betri inashikilia oveni isipoe, ikipoa thamani inaweza kuhama kidogo na isirudi palepale. Weka ya aina ileile, lithiamu usijaribu maana chaja haikutengenezwa kwa ajili yake. Betri ikijaa pima, inatakiwa ikae kwenye 13.5 hadi 13.8 hivi.

Kwenye kupima tumia waya wa shaba uliosuguliwa ukang'aa, kaza, subiri joto la vidole liishe ndo usome, shaba yenye kutu ikipata joto inazalisha volti zake yenyewe. Halafu tafuta mwenye rejea iliyokalibretiwa, unga hasi kwa hasi, mita iwe katikati ya chanya mbili kwenye renji ya milivolti. Hapo unasoma tofauti tu, na mita ya kawaida ya dijiti nne na nusu (inayoonyesha hadi 19999) inaona mikrovolti 10. Tofauti hiyo iandike kwenye stika pamoja na tarehe na joto la chumba, skrubu ibaki ilivyo.