Hela unayolipia muziki kila mwezi iende kwa unaowasikiliza wewe tu, au kwenye kapu la wote?

Mleta mada:
Wadau, kila siku naona watu wanalia intaneti imeua muziki. Mi nasema ilichoua ni CD. Napster imeingia 1999 watu wakaanza kugawana mp3 bure, bendi ya roki Metallica wakaishtaki mahakamani 2000, mwaka uliofuata ikafungwa na bado watu hawakurudi dukani. 2003 Apple wakaanza kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za dola, hapo ndo albamu ikaanza kuumwa maana nani anunue nyimbo 12 wakati anazitaka 2? Mapato yakaporomoka miaka kibao alafu strimingi, yani kusikiliza moja kwa moja mtandaoni, ikayanyanyua, mwaka 2023 IFPI, lile shirikisho la kampuni za kurekodi, walitaja dola bilioni 28.6 dunia nzima na theluthi mbili ni strimingi. Hela ipo. Ugomvi ni inavyogawanywa.

Platfomu nyingi za muziki, kama Spotify, zinamwaga hela za wateja wote kapu moja, zinachukua chao, kinachobaki wanagawa kwa kuangalia nani kasikilizwa sana. Sasa tuchukulie wateja wako wawili tu, kila mmoja kalipa dola 10, platfomu ikakata 3 kwa kila mtu, kapuni zimebaki 14. Mmoja kasikiliza bendi yake moja ya jazz mara 50 mwezi mzima basi. Mwenzie anaacha simu inaimba mpaka asubuhi, kafikisha 950. Bendi ya jazz inaondoka na senti 70, na shabiki wake kaacha dola 7 mle ndani! Zile 6 na senti 30 zimewafuata watu ambao hajawahi hata kuwasikia. Kwangu mimi huu ni uonevu. Na msiseme haiwezekani, platfomu ya SoundCloud tangu 2021 wanawalipa wasanii wasio na lebo kubwa kwa mtindo wa hela ya shabiki kumfuata msanii wake.

Mchangiaji:
Mkuu hesabu tamu ila mfano umeuchagua unaokubeba. Watu wengi wanasikiliza hao hao wakubwa, ukibadili mfumo leo wakubwa watabaki wakubwa. Tatizo ni mkataba. Lebo, yani kampuni ya kurekodi, inampa msanii advansi (hela ya kutanguliziwa), masta (haki ya rekodi yenyewe) inabaki nayo, alafu mirabaha ya msanii, yani malipo yake nyimbo zikisikilizwa, inakatwa mpaka advansi irudi yote, na hapo asilimia yake ilikuwa kiduchu tangu mwanzo. Kapu ligawe utakavyo, hela itaishia njiani.

Mchangiaji mwingine:
Nyie mnagombana kuhusu kapu, mi nahangaika na masikio. Spotify mtu akifika sekunde 30 imehesabiwa, kwa hiyo intro inakatwa, kiitikio kinaletwa mbele kama chakula cha hospitali, haraka haraka hakina chumvi. Wimbo wa dakika 9 malipo yake sawa na wa dakika 2, sasa nani atajisumbua na solo ya gitaa? Na tangu 2024 hapo hapo Spotify wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya masta kabisa. Wanajitetea eti ni visenti ambavyo havimfikii msanii. Sawa, ila visenti vya watu wengi vikikusanywa vinaenda kwa nani? Kwa waliovuka 1,000, yani mdogo anamchangia mkubwa.

Mleta mada:
Hapo kwenye 1,000 umemaliza kila kitu mkuu. Kuhusu mkataba, ni kweli ila wapo kibao siku hizi wanajirekodia wenyewe na kupandisha nyimbo kupitia distributa (kampuni inayozifikisha kwenye platfomu), hawana lebo wala advansi, hao unawaambia nini? Kinachowabana ni kapu.

Mchangiaji wa kwanza tena:
Nawaambia wahesabu vizuri kabla ya kushangilia. Kwa mfumo wako shabiki anayesikiliza usiku na mchana, kila mara anayocheza wimbo msanii anapata vipande vya senti, na kwa yule wa mara 50 kila mara moja ni senti 14. Kwa hiyo msanii chipukizi ambaye mashabiki wake ni vijana wasiozima simu anapigwa, na anayepona ni yule mwenye mashabiki watu wazima wanaofungua programu wikiendi tu. Huyo naye ndo mdogo uliyekuwa unamtetea?