Treni ya usiku Bangkok–Chiang Mai mkiwa wawili: tupeane uzoefu

Njiwa wa Ngara (mleta mada)
Wakuu, salaam. Mimi niko Nairobi, mwenzangu yuko Utrecht. Mwaka wa tatu huu tunapendana kwa simu. Kwangu hawezi kuja, nakaa ploti moja na wajomba wawili na shangazi asiyelala. Novemba tunakutana Bangkok, siku kumi na moja. Tunataka ile treni ya saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwenda Chiang Mai. Yeye anang'ang'ania chumba cha daraja la kwanza, mimi naona daraja la pili linatosha, hela inayobaki tule. Waliopanda, tupeane uzoefu.

Pilipili Manga
Chumba. Usijadili na mtu.

Mzee wa Behewa
Daraja la pili si baya, kijana. Viti viwili vinavyotazamana vinaunganishwa vinakuwa kitanda cha chini, cha juu kinashushwa kutoka ukutani. Mhudumu anakuja kutandika shuka safi na kukufungia pazia. Cha chini ni kipana na kina dirisha, ndiyo maana bei yake imezidi kidogo. Cha juu ni chembamba, dirisha hakuna, na taa ya koridoni inakuwakia usoni hadi asubuhi. Chukua soksi na sweta, kile kiyoyozi hakina huruma.

Ila mkichukua viwili vya daraja la pili ndiyo mmetengana, mmoja juu mmoja chini. Usije ukajidanganya mtalala pamoja kwenye kimoja.

Sufuria Tupu
@Mzee wa Behewa kwani nani kasema anataka kulala pamoja, si wanasafiri 😂

Kaka wa Kisauni
Umenikumbusha machungu, mleta mada. Naandika ndefu, mnisamehe.

Sisi tulikwenda Machi 2023. Tiketi tumekata mapema, chumba, mambo safi. Jioni tukapanda teksi, nikamwambia dereva "stesheni ya treni", akaitikia vizuri kabisa. Akatupeleka Hua Lamphong. Wale waliofika wanaijua: stesheni ya zamani, ya 1916, paa kama upinde, nzuri hadi nikaanza kupiga picha. Nipo napiga picha, mwenzangu anaangalia ubao, naona mabega yanamshuka. Treni yetu haipo. Treni za mbali nyingi walishazihamishia stesheni mpya kule Bang Sue, Krung Thep Aphiwat, tangu Januari mwaka uleule. Na kwenye tiketi imeandikwa. Tiketi niliyoishika mimi, niliyoisoma mimi.

Tunazo kama dakika hamsini. Chini ya pale pale kuna treni ya chini ya ardhi inayokwenda moja kwa moja hadi Bang Sue. Mwenzangu akasema tushuke chini. Mimi, kwa kiburi cha mtoto wa Mombasa anayejua njia za mkato, nikasema teksi itawahi. Foleni ya Bangkok jioni! Tulikaa kwenye taa moja nikahisi ndevu zinaota. Tumefika, tumekimbia na mabegi kwenye ule ukumbi mkubwa kama uwanja wa ndege, geti limefungwa.

Hapo sasa ndipo tulipogombana. Lakini kugombana kweli, kwa sauti, kwa Kiswahili, katikati ya watu. Ananiambia "wewe husikii, tangu lini ukasikia?" Namwambia "na ile hela ya gesi uliyosahau kulipa?" Mambo ya gesi ya Kisauni, tumeyabeba hadi Thailand. Mama mmoja wa Kithai akasogeza begi lake tupate nafasi ya kugombana.

Halafu mwenzangu akanyamaza ghafla, akaanza kucheka. Nikamuuliza unacheka nini. Akasema, "Miaka sita, hii ndiyo mara ya kwanza tumepaza sauti." Na kweli. Nyumbani tunagombana kwa kunong'ona, na redio imewashwa, jirani asisikie watu wazima wawili wanaodaiwa kuwa binamu wakidaiana mapenzi.

Tulipata treni ya mwisho ya usiku. Vitanda viwili vya juu, mabehewa tofauti. Sikulala. Lakini ule ugomvi nauthamini kuliko safari yenyewe.

Pilipili Manga
Redio imewashwa. Basi tu.

Dada Mkubwa
Mimi na mke wangu tunatumia feni. Feni na bomba la maji.

Tajiri wa Baadaye
Wakuu nauliza tu, kwa nini mtu asipande ndege? Bangkok–Chiang Mai ni kama saa moja na kitu. Kilomita 751 kukaa usiku kucha kwenye chuma ni kujitesa.

Mzee wa Behewa
Hujawahi kupenda.

Tajiri wa Baadaye
Nimependa, na nikapanda ndege.

Kanga Moja
Nyie mnabishana ndege na treni, sisi wengine tunausoma huu uzi tukiwa daladala ya Mbagala. Hivi hamuoni? Kila siku Thailand, Lisbon, Cape Town. Uhuru wa kukata tiketi.

Njiwa wa Ngara
Kanga Moja sikatai. Nimedunduliza miezi kumi na nne, na nusu ya tiketi kalipa yeye. Sikuja kuringa.

Kanga Moja
Sijasema unaringa. Nimesema inauma. Endeleeni.

Bi Shaurimoyo
Kabla ya treni, fika kwanza. Ukitokea Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, wanataka cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe na siku kumi kabla ya kusafiri. Pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi unapita meza ya afya kwanza, ndipo unakwenda kwa watu wa pasipoti. Mimi nilipanga foleni ya pasipoti saa zima nikarudishwa nyuma kama mtoto aliyesahau daftari. Na ile fomu ya kuingilia sasa ni ya mtandaoni, tangu Mei 2025, unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Ukiona tovuti inakudai hela, hao ni wezi. Na sigara ya umeme iache nyumbani, kule ni kosa.

Sufuria Tupu
Pombe je?

Mzee wa Behewa
Marufuku kwenye treni na stesheni tangu 2014. Kunywa kabla, au kuwa mtu mzima.

Fundi Cherehani
Si mliona Thailand wameruhusu ndoa za watu kama sisi? Tangu tarehe 23 Januari 2025, wa kwanza Kusini Mashariki mwa Asia. Mleta mada mngeunganisha humohumo mkafunga kabisa 😄

Bi Shaurimoyo
Wageni wanaruhusiwa, lakini ofisi ya wilaya itataka barua ya ubalozi wako kwamba hujaoa, itafsiriwe Kithai. Nenda ubalozini kwenu uwaambie unataka kumwoa nani, halafu rudi utusimulie.

Fundi Cherehani
Nimeghairi.

Dada Mkubwa
Na msiifanye Thailand pepo. Watu waliobadili jinsia kule bado kitambulisho kinawasoma vilevile walivyozaliwa. Wenyewe wanapambana. Kushikana mikono sawa, hakuna atakayegeuka, lakini kubusiana barabarani hata mume na mke wa Kithai hawafanyi. Adabu.

Mgeni Hajakaa
Jamani mimi nimenyamaza tangu juu, lakini hili la daraja la pili lazima niliseme.

Mimi ni wa Magomeni. Tulipanda daraja la pili, yeye chini mimi juu. Usiku kama saa nne taa za vitandani zimezimwa, nikainama nikamwambia mwenzangu kwa Kiswahili, maneno ya kawaida ya mtu na mtu wake, siyaandiki hapa. Akanijibu. Tukacheka kidogo. Pazia la upande wa pili likatikisika.

Saa kumi na mbili asubuhi nashuka kwenda kunawa. Pazia lile liko wazi. Ndani kakaa mama wa Kiswahili, dera la maua, kilemba, mfuko wa Pratunam, lile soko la nguo la Bangkok, miguuni. Ananitazama. "Wewe si mtoto wa mama fulani, pale karibu na msikiti?" Anataja jina la mama yangu. Wakuu, miguu si yangu.

Ni mama wa Kariakoo, anakuja Bangkok kufuata mzigo wa nguo, safari hiyo kaamua apande hadi Chiang Mai akaangalie vitu vya fedha. Mimi mtoto wake wa mtaani, kanipa andazi siku za Ramadhani. Treni ikaingia handaki la Khun Tan, mita 1,352 za giza, na mimi nimesimama pale na mswaki. Nilitamani lisiishe.

Likaisha. Mwenzangu kaamka, kifua wazi, anauliza "mpenzi, tumefika?"

Sufuria Tupu
UWIII

Pilipili Manga
Usituache hapo!!!

Tajiri wa Baadaye
Hii chai. Treni ina mabehewa mangapi, akakaa pembeni yenu tu?

Dada Mkubwa
Tajiri, wewe na ndege yako kaeni kimya. Wamama wa Kariakoo wako kila mahali, hata mwezini kuna mmoja anauliza bei.

Kanga Moja
Ungesema ni binamu.

Kaka wa Kisauni
Binamu anaitwa mpenzi? Kanga Moja, hapo hakuna binamu, hapo ni kukubali tu.

Kanga Moja
Pwani watu wanaitana mpenzi, wapenzi wangu, nini. Angejitetea.

Kaka wa Kisauni
Kifua wazi?

Njiwa wa Ngara
Ndugu zangu, uzi ni wa treni 😭 lakini Mgeni, akasema nini?

Mgeni Hajakaa
Hakusema kitu muda mrefu. Akafungua mfuko, akatoa fulana moja ya mzigo, bado iko kwenye nailoni, akampa mwenzangu. "Vaa, mwanangu, kuna baridi." Kisha kwangu: "Mama yako hajambo?" Nikasema hajambo. Stesheni akashuka na mizigo yake, tukambebea hadi kwenye gari, akatuombea dua.

Niliporudi Dar nilikaa wiki mbili nasubiri simu ya mama. Haikuja. Ni mwaka wa pili sasa. Yule mama nikimpita dukani ananiuliza "wote wazima huko?" Wote. Sijui anamaanisha nani, na siulizi.

Bi Shaurimoyo
Hiyo fulana ipo?

Mgeni Hajakaa
Anailalia.

Tajiri wa Baadaye
Hata kama ni chai, ina tangawizi.

Msomaji Kimya
Naongeza moja la maana. Kabla hujapanda ndege ya kurudi, safisha simu. Picha, ujumbe, hata ile tiketi yenye majina mawili. Na status usiweke chochote, hata miguu. Mimi waliitambua miguu.

Sufuria Tupu
Nani aliitambua??

Msomaji Kimya
Dada yangu. Hadithi ya siku nyingine.

Mzee wa Behewa
Mleta mada, Novemba kuna sikukuu ya taa Chiang Mai. Vyumba vya treni vinaisha, usizubae. Na kiamsha kinywa cha treni achana nacho, ngoja ufike ule khao soi, tambi za mchuzi za kule.

Njiwa wa Ngara
Nimetoka kumpigia. Nimemsomea ya mama wa Kariakoo, kalia, halafu kasema "daraja la kwanza, na mlango nafunga mimi." Kilikuwa kimebaki chumba kimoja usiku tunaoutaka. Nimekata. Sasa tunagombania nani alale juu.

Dada Mkubwa
Anayekoroma.

Njiwa wa Ngara
Dada, hatujawahi kulala usiku mzima pamoja hata siku moja. Hatujui.