Naomba ushauri: umbo lipi la galaksi nyekundu za mbali ni la kuaminika?

Habari zenu ndugu wanachama. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Ninapima maumbo ya galaksi nyekundu za mbali, zile zinazochaguliwa kwa tofauti ya mwangaza kati ya vichujio viwili vya infraredi, J na K, inayozidi 2.3 kwa magnitudi za Vega (kipimo cha mwangaza kinachotumia nyota Vega kama rejea). Natumia picha za Hubble na James Webb zilizo wazi kwa umma. Kwenye redishifti (kiasi ambacho mawimbi ya nuru yamerefushwa na kutanuka kwa ulimwengu) ya 2.5, kichujio cha Hubble cha mikromita 1.6 kinanasa nuru iliyotoka kwenye galaksi ikiwa na mikromita 0.46 hivi, yaani buluu. Kile cha Webb cha 4.44 kinanasa iliyotoka ikiwa na takriban 1.27, ambayo vumbi haliizuii sana.

Shida ni kwamba galaksi ileile inabadilika. Kwenye Hubble imetawanyika, ina mabonge, na kipeo cha Sersic (namba inayoonyesha jinsi nuru ilivyojikusanya kitovuni) kinakaribia 1 kama cha diski. Kwenye Webb kitovu kinang'aa, kipeo kinapanda kuelekea 4 kama cha galaksi duaradufu, na galaksi yenyewe inapungua ukubwa. Nimeshalainisha picha ya Webb ifikie ukali wa ile ya Hubble, nikarudia hesabu kwa GALFIT (programu ya kupima maumbo ya galaksi), tofauti haikuondoka. Ndiyo maana nashuku vumbi kuliko kifaa, ila sina spektra (nuru iliyotenganishwa kwa urefu wa mawimbi) za kuthibitisha.

Je, niripoti umbo lipi ikiwa nataka kulinganisha na galaksi za karibu? Na je, mchoro wa rangi za U-V na V-J (tofauti za mwangaza kati ya vichujio vya urujuanimno, nuru ya kuonekana na infraredi) unatosha kutenganisha zilizojaa vumbi na zenye nyota kongwe, au nitafute kwanza data za ALMA, darubini ya redio inayonasa mionzi ya vumbi lenyewe?