Nikivuka feri nageuka mtu mwengine, na mwezi ujao hawa wawili watakutana. Naomba ushauri

BintiMtongwe:
Asalaam aleikum wana jamvi. Jambo langu huenda likawachekesha, lakini mimi laninyima usingizi.

Nina miaka 29, kwetu Likoni, kazi yangu iko ng'ambo, kisiwani Mombasa, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nyumbani mimi ni yule binti wa pili, mpole. Nikiitwa naitika "abee". Wageni wakiwa sebuleni mimi niko uani nakuna nazi. Ofisini ndiye ninayepigiwa simu kontena likikwama. Nagombana na madereva, nakaripia makarani, nikicheka nasikika hadi kwa bawabu. Jina langu lenyewe wamelikata, wamebakisha silabi mbili.

Haikuwa taabu hadi wiki jana. Tuko kikaoni, namshukia karani mmoja aliyekosea namba ya kontena, simu ya mamangu ikaingia. Nikapokea: "Abee mamangu... ndiyo mama... in shaa Allah." Naweka simu chini, meza nzima kimya. Kisha mmoja akauliza, "Huyo aliyekuwa akiongea ni nani?" Wakacheka, nami nikacheka. Lakini jioni kwenye feri, nimebanwa baina ya mkokoteni wa maji na mtu mwenye kuku wawili, swali likanirudia. Kweli, huyo ni nani? Na yule aliyekuwa akimfokea karani?

Mwezi ujao kaka yangu aoa. Wenzangu wa ofisini washajialika, wataka biriani ya Likoni. Niwakaribishe au nitafute udhuru? Naogopa mamangu atamsikia yule wa kisiwani. Au niseme kweli tu: naogopa siku hiyo sitajua nitoe sauti ipi.

KahawaTungu:
Bibie, una nafsi mbili tu nawe walalama? Mimi Mji wa Kale nikiulizwa "we wa nani?" nataja babu na mtaa. Mzee akizidi kuchimba, nasema Mkilindini, na hapo twaelewana, maana Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, na sisi Wakilindini tumo katika yale matatu pamoja na Wachangamwe na Watangana. Nilipohamia Nairobi hapana aliyejali hayo. Nilikuwa "mtu wa Pwani", basi. Nikaanza hata kuongea polepole kuliko kawaida yangu, kwa sababu ndivyo walivyotaraji mtu wa Pwani aongee! Dubai nako nikawa Mkenya, nikawashangilia wakimbiaji wa Eldoret kama binamu zangu. Na wote hao ni yule yule mwenye deni dukani Kibokoni. Waalike. Nami nialike.

Wa_Bara_Mwema:
Mimi nitapinga. Harusi ni ya kaka yako, si mahali pa wewe kujitafuta. Nilitoka Kitui nikaja Mombasa kikazi, mwaka wa kwanza nikaonekana mkali kwa sababu nilikuwa naingia dukani na kusema "nipe mkate" bila hata kumjulia hali mwenye duka. Nikajifunza. Sasa nikirudi nyumbani ndugu zangu wananiambia naongea kama mtu anayeomba radhi. Siku nilipowapeleka kwetu Kitui rafiki zangu wa huku Mombasa, nilishinda nikijisikiliza kila neno. Sikula hata nyama. Waandalie chakula chao siku nyingine.

MamaWawili_Kisauni:
Dadangu, mwanamume akifoka kazini na kumnyenyekea mamake nyumbani huitwa mtu wa adabu. Wewe ukifanya hayo hayo, unaitwa una sura mbili, na mbaya zaidi wajiita mwenyewe. Halafu hivi, harusi zetu si wanaume nje kwenye turubai, wanawake ndani? Nusu ya ofisi yako hamtaonana hata.

Msomaji_wa_Usiku:
Nasoma sosholojia, nivumilieni. Kuna Mmarekani, Charles Horton Cooley, aliyeandika mwaka 1902 kwamba mtu hujiona kama ajionavyo kiooni, na kioo chenyewe ni watu wengine. Kwanza nawaza naonekanaje kwako. Kisha nawaza waniamuaje. Mwisho naingiwa na fahari au haya. Sasa tazama: hatua mbili za mwanzo ni za kuwaza tu, hapana aliyeulizwa kitu. BintiMtongwe, umekaa miaka na mama aliye kichwani mwako. Yule aliye jikoni umemwuliza?

BintiMtongwe:
Msomaji, hilo swali lako limenikaa kooni siku tatu.

Jana usiku twachambua mchele, nikamweleza mamangu, nikizunguka weee, mara kazi, mara wageni, mara sauti. Hata hakuinua macho kwenye sinia. Akatoa kijiwe, akakitupa, akasema, "Kwani wadhani ule ukuta wa uani ni wa zege? Si mabati yale? Kila Jumamosi nakusikia kwenye simu ukiwatoa jasho madereva. Nyanyako n'shamwambia, huyu sauti kairithi kwangu. Mimi nilipouza maembe Kongowea hapana aliyenipunja."

Mamangu! Huyu aliyenifinya paja kwa kuinua sauti mbele ya wageni! Nikamwuliza mbona sisi wanawe hatujaisikia sauti hiyo hata siku moja.

"Nilikuwa naiwacha kwenye feri," akasema. Akachota mchele mwengine, kisha: "Wenzako ni wangapi, nijue nizidishe kilo ngapi?"

Nikamwambia tisa.

KahawaTungu:
Kumi.