Tupeane uzoefu: Unafuga mbwa wa mbegu mbili ndani ya geti moja, unazuiaje wasipandane?

Mfugaji wa Goba
Wakuu, heshima kwenu. Nina dume la Rottweiler na jike la German Shepherd. Wamekua pamoja, wanakula pamoja, wanalala banda moja. Jike anakaribia kutimiza mwaka, na tangu juzi anajilamba sana nyuma, sehemu zake zimevimba, na leo asubuhi nimekuta matone ya damu kibarazani. Machotara sitaki. Nataka akikomaa apandwe na dume wa mbegu yake, mwenye karatasi za usajili. Nyie mnaoishi na mbegu mbili mnafanyaje? Naomba yaliyowakuta wenyewe, siyo ya kusikia.

Mama Spitz
Nafuatilia huu uzi. Nikitulia jioni nitaandika yangu, maana ni mazito.

Kamanda Kibaha
Mkuu, watenganishe leo hii, usingoje kesho. Mimi nafuga Boerboel na Labrador, nitakupa la kwangu.

Watu wengi wanaogopa damu. Wakiiona wanafunga mlango, ikikauka wanafungua wakijua mambo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza! Zile siku za mwanzo, kama tisa hivi kwa kawaida, jike anatoa damu nyekundu, dume akimsogelea anamng'ata. Halafu damu inapauka, inakuwa kama maji ya majani ya chai. Hapo sasa mshike mgongo karibu na kiuno uone: anasimama wima, mkia anaupeleka pembeni. Huyo yuko tayari kupandwa, na hali hiyo inaweza kumchukua siku tisa nyingine au zaidi. Kuanzia tone la kwanza hesabu wiki tatu, ongeza ya nne kwa usalama.

Kwangu fundi aliweka wavu wa matundu makubwa kati ya vyumba viwili vya banda. Kwa macho ulikuwa ukuta kamili. Usiku nikasikia mlio, nikatoka na tochi. Jike kajibana kinyumenyume kwenye wavu, dume yuko upande wa pili, wamenasana huku wavu uko katikati yao! Nilisimama pale nikishika kichwa cha jike asijivute, mpaka wakaachiana wenyewe. Usije ukawavuta wala kuwamwagia maji wakiwa wamenasana, unaweza kumwumiza dume vibaya sana, na mbegu zimeshaingia hata ukiwatenganisha.

Siku hizi kati yao nimejenga tofali mpaka kifuani, juu wavu mara mbili wenye nafasi katikati.

Kijukuu cha Tanga
Mnajisumbua na matofali. Nenda duka la dawa nunua sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama, mchome jike, habari imekwisha. Mtaani kwetu wote wanafanya hivyo.

Tabibu wa Mifugo
Kaka wa Tanga, nakuomba sana hilo usimshauri mtu. Nimesomea Morogoro na kazi hii naifanya kila siku. Majike wanaoletwa na usaha kwenye kizazi, ukiuliza vizuri, wengi walishachomwa hiyo sindano. Homoni ile inanenepesha ukuta wa kizazi, bakteria wanapata pa kukaa. Wiki kadhaa baadaye mbwa anakunywa maji kupita kiasi, hali chakula, tumbo linajaa, usaha unatoka au unabaki ndani. Ukibaki ndani ni hatari zaidi. Tiba yake ya uhakika ni kupasuliwa na kutolewa kizazi kizima, na huyo tayari ni mgonjwa. Tena sindano hiyo inaongeza hatari ya uvimbe kwenye matiti.

Kijukuu cha Tanga
Jike wa mjomba wangu kachomwa miaka yote na mzima wa afya.

Tabibu wa Mifugo
Namshukuru Mungu kwa huyo wa mjomba. Mimi nazungumzia wale ninaowapasua.

Dodoma Makulu
Naunga mkono tabibu. Wa jirani yetu alikufa hivyo hivyo.

Bwana Shamba
Paka dawa ya mafua ile yenye harufu kali kwenye mkia na mapaja ya jike. Dume hatasikia harufu.

Kamanda Kibaha
Bwana Shamba, dume wangu alipiga chafya na akaendelea na safari yake. Pua ya mbwa huidanganyi kwa dawa ya mafua.

Binti wa Iringa
Na nepi je? Kuna mtu kaniambia nimvalishe jike nepi.

Tabibu wa Mifugo
Dada, nepi inasaidia usafi wa sakafu tu. Dume anaivua kwa meno au anaisogeza pembeni.

Mama Spitz
Haya, nimekaa. Niko Arusha. Nilikuwa na jike la Japanese Spitz, dogo, jeupe, la ndani, watoto wangu wakilala nalo. Nje kulikuwa na dume la German Shepherd la ulinzi. Mlango wa jikoni una kitasa na komeo, na jike alipoingia joto, yaani msimu wake wa kupandwa, komeo halikufunguliwa mchana wala usiku. Tukaletewa fundi wa mabomba. Akaingia, akatoka kuchukua vifaa, akaacha mlango wazi. Ilitosha.

Tulimpeleka kwa mtaalamu mmoja hapa mjini, hata jina lake sitalitaja. Akamgusa tumbo siku ileile akasema hana mimba, nendeni nyumbani. Siku ileile jamani! Nani anagusa mimba ya siku moja? Hakusema rudini baada ya wiki nne apigwe ultrasaundi, hakusema chochote. Wiki zikaenda, tumbo likaja.

Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi. Nilikuwa nampima joto la mwili kila jioni, maana likishuka chini ya nyuzi 37 na kitu, kuzaa kuko karibu. Likashuka. Usiku mvua kubwa, umeme umekatika, jike anachimba blanketi, anahema, anakaza, hakuna kitu. Nikamulika nyuma yake nikaona ute wa kijani kibichi, mzito, unaenda kwenye weusi. Mtoto hajatoka hata mmoja. Wenye mbwa wadogo, hiki mkishike: kijani kikitoka kabla ya mtoto wa kwanza, ina maana kondo limeanza kubanduka, hewa ya mtoto inakatika. Huo siyo wakati wa kusubiri asubuhi.

Mume wangu aliendesha, mimi nimekaa nyuma nimempakata, ananitazama machoni na kila akikaza anatoa sauti kama mtoto mchanga. Daktari mwingine alikubali kutufungulia usiku ule. Akaona kichwa cha mtoto kimekwama kwenye nyonga, hakipiti kwa namna yoyote. Walikuwa wawili tu tumboni, na wakiwa wachache kila mmoja anapata nafasi ya kunenepa, tena baba mwenyewe jitu. Akapasuliwa kwa taa ya betri. Yule aliyekwama alikuwa ameshakufa. Wa pili alitolewa amelegea, msaidizi akamsugua kwa taulo, akamfuta pua, akamsugua tena, mpaka tukasikia kilio chembamba kama cha paka.

Mama alipona, na kizazi kilitolewa palepale. Mtoto yupo mpaka leo, ana masikio ya baba na manyoya ya mama, na amemzidi mama yake kimo mara mbili. Nampenda. Lakini ule usiku sitaki mnyama yeyote aupitie kwa sababu ya mlango wa jikoni.

Binti wa Iringa
Pole sana mama. Nimelia.

Dodoma Makulu
Pole dada yangu. Picha ya mtoto tafadhali!

Mkaazi wa Ruiru
Pole mama. Huyo wa kwanza aliyemgusa tumbo angeshtakiwa.

Chalii wa Sakina
Mama Spitz, mtoto unamuuza? Niko karibu, nakuja kesho.

Mama Spitz
Hauzwi.

Mfugaji wa Goba
Pole sana mama. Wakuu, turudi kidogo. Je, nikimhasi dume tu si yameisha?

Mzee wa Ngombo
Usihasi dume la ulinzi kijana wangu. Litanenepa, litalala, mwizi atalikanyaga.

Mkaazi wa Ruiru
Mzee, kwa heshima, si kweli. Dume wangu alihasiwa na bado hakuna mtu anakaribia lango. Kunenepa ni chakula, punguza kipimo. Hapa Nairobi watu hupeleka mbwa wao KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama, kule Karen.

Mzee wa Ngombo
Mimi nimefuga mbwa kabla hujazaliwa.

Mkaazi wa Ruiru
Nakubali mzee, ila wangu pia analinda.

Tabibu wa Mifugo
Kuhasi ni njia nzuri, lakini Mfugaji, kwa joto hili la sasa umechelewa. Dume akihasiwa leo bado ana mbegu kwenye mirija kwa wiki kadhaa, mpe kama wiki sita kabla hujamwamini. Na hata baadaye anaweza kupanda na kunasana, ila hatatia mimba.

Tena watu wanasahau kitu kimoja. Mbegu za dume zinaishi ndani ya jike karibu wiki nzima. Jike anaweza kupandwa na koko Jumatatu, ukampandisha dume lako zuri Alhamisi, akazaa watoto wa baba wawili uzao mmoja. Usiseme "nimewahi kumpandisha wa kwangu, basi."

Mkaazi wa Ruiru
Na uzao kama huo kuusajili East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa mbegu, ni shida mpaka vipimo vya vinasaba vionyeshe nani mtoto wa nani. Machotara ndio hawaandikwi kabisa.

Mzee wa Ngombo
Jike akishapandwa na koko mara moja damu yake imechafuka. Hata umpandishe nani baadaye, watoto watatoka na sura ya koko. Huyo muuze tu.

Tabibu wa Mifugo
Hapana mzee wangu. Kila uzao una baba yake, na joto lijalo linaanza upya. Majike wazuri wanatupwa barabarani kwa imani hiyo, inaniuma kila nikiisikia.

Kijukuu cha Tanga
Hapo nakubaliana na tabibu.

Dodoma Makulu
Mimi naongeza la koko. Siyo mimba tu. Jike wangu aliruka ukuta, akarudi, na baada ya miezi akaanza kutoa damu nje ya msimu. Kuangalia, kuna nyama imeota kama koliflawa. Ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, mbwa wa mtaani wanayo sana. Alichomwa dawa ya vincristine kila wiki mpaka ikaisha. Ukuta nimeuongeza kozi tatu za tofali.

Binti wa Iringa
Na kama wameshapandana kuna dawa?

Tabibu wa Mifugo
Kuna aglepristone. Inachomwa mara mbili, saa 24 zikipishana, na inafanya kazi mpaka siku ya 45 hivi tangu kupandwa. Ulizia mapema, usisubiri tumbo. Wapo wanaochoma estrojeni, kataa. Inaua uboho wa mifupa na inaleta ule usaha wa kizazi.

Kamanda Kibaha
Mfugaji, ushauri wangu wa mwisho. Usimhamishe jike, mhamishe dume. Una ndugu mwenye geti? Mpeleke akakae huko mwezi mzima. Ukimwacha nyumbani atalia usiku kucha, atagoma kula, atachimba chini ya mlango mpaka kucha zitoke damu. Kumtoa ni kumhurumia yeye pia.

Bwana Shamba
Mimi namhamisha jike, dume abaki kulinda.

Kamanda Kibaha
Ukimhamisha jike, madume wa huko unakompeleka nao wana pua.

Mfugaji wa Goba
Asanteni sana wote. Nimeshaongea na shemeji yangu wa Bunju, dume anaondoka leo jioni. Jike atalala stoo, mlango wa chuma, ufunguo tunakaa nao mimi na mke wangu tu. Jumamosi fundi anakuja kugawa banda. Nimepanga kununua waya wa kuku kwa ajili ya juu.

Kamanda Kibaha
Waya wa kuku hapana! Rottweiler anauchana kwa meno. Nunua wavu wa kuchomelea, matundu madogo kiganja kisipite, na sakafu mimina zege mpaka ukutani asichimbe. Na ezeka, mkuu, banda lisilo na paa anaruka.

Mfugaji wa Goba
Sawa mkuu. Bei ya wavu huo Kariakoo kwa sasa anaijua nani?