Redio ya vali aliyoiunda babu: inanguruma tu, haishiki stesheni

MjukuuWaNgamiani
Shikamooni wakubwa. Marehemu babu alikuwa fundi simu hapa Tanga, na redio hii aliiunda mwenyewe. Chasisi ni bati la debe, koili kazungushia kwenye kopo la dawa. Vali (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) ni tatu: EF80, ECL82 na EZ80. Mchoro hakuacha. Imekaa darini miaka na miaka, mende wakahamia. Nikaifuta vumbi, nikafungua koili kuisafisha, nikairudisha na kuchomeka umeme. Vali zikawaka rangi ya chungwa, nikafurahi kama dakika moja. Kisha mngurumo mzito, na transfoma ya spika ikaanza kupata moto. Nikachomoa. Fundi mmoja wa mtaani kaniambia nitoe vyote niweke redio ya Kichina, sanduku libaki. Bibi hataki hata kusikia.

FundiMstaafu
Marahaba mjukuu. Bibi yuko sahihi. Usiichomeke tena hivyo. Tafuta balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani (ya LED haifai), umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie redioni. Kukiwa na shoti balbu itawaka sana, transfoma itasalimika.

Mngurumo ni kapasita (vihifadhi chaji) kubwa za kuchuja umeme, zimekauka. Weka mpya za volti 450. Ule moto ni kapasita ya karatasi kati ya pini (mguu wa vali) ya 9 na ya 3 ya ECL82: ikivuja, inapeleka volti chanya kwenye gridi (waya wa ndani unaoongoza mkondo wa vali, ndiyo pini ya 3) na vali inavuta mkondo kupita kiasi. Pima pini ya 3, inatakiwa sifuri au karibu yake. Pini huhesabiwa kwa chini, kuanzia penye pengo, kwa mwendo wa saa. Kabla ya kugusa chochote chomoa, umwage chaji kwa rezista. Volti 250 hazina masihara, kiwiko changu ni shahidi.

MjukuuWaNgamiani
Pini ya 3 ilikuwa na volti 11! Nimebadilisha kapasita zote, mngurumo kwisha, transfoma haichomi tena. Ila nashika stesheni moja tu, kwa mbali, na kitufe cha pili hakifanyi kitu.

KoiliYaShaba
Kaka, si ulifungua koili? Ile ndogo kazi yake ni kurudisha sehemu ya mawimbi yakuzwe tena. Ukiifunga kinyume, inapunguza badala ya kuongeza. Badilisha ncha zake mbili. Kisha zungusha hicho kitufe cha pili hadi redio ipige mluzi, rudisha kidogo.

FundiMstaafu
Na usiiache ikipiga mluzi. Ikifika hapo nayo inarusha mawimbi, redio za majirani zitalia.

MjukuuWaNgamiani
Imepiga mluzi! Bibi alikuwa anakuna nazi, akaiacha mbuzi akaja mbio: "Huo ndio wenyewe, babu yako alikuwa akianza hivyo kila jioni." Sasa nataka kuvuta antena ya mita 15. Nikiifunga kwenye mnazi wa uani, upepo hautaikata?